Reli ya Bonde la Pangani: Imefuata Mto, Imeishi kwa Mzigo



Wiki hii tuweke pembeni mbolea na viwavijeshi, tuzungumze kuhusu reli. Najua wapo watakaouliza, afisa ugani na reli wapi na wapi? Jibu ni hili. Zao lako lina safari mbili. Ya kwanza ni kutoka ardhini hadi ghalani, na hiyo tunafundishana kila msimu. Ya pili ni kutoka ghalani hadi kwa mlaji, na huko ndiko faida nyingi inakopotelea. Unaweza kuvuna vizuri kuliko jirani yako na bado ukabaki na kidogo kuliko yeye, kwa sababu yeye alijipanga kusafirisha na wewe hukujipanga.

Reli ninayoizungumzia ni ile ya Tanga kwenda Moshi na Arusha, inayopanda na bonde la mto Pangani. Katika vikao vya vikundi swali linalojirudia ni moja: hii reli imerudi kweli, au itatuacha tena kama ilivyotuacha zamani? Swali ni la haki, maana kuna watu walioijua ikiwa hai, wakaiona ikiota majani, na sasa wanaisikia tena honi yake.

Ukisoma historia yake utaona jambo moja tangu mwanzo hadi leo. Reli hii imefuata mto, lakini imeishi kwa mzigo. Mzigo ulipokuwepo, treni zilipita. Mzigo ulipokwisha, zilisimama. Na aliyekusanya mzigo ndiye aliyesikilizwa.

Njia ilikuwepo kabla ya reli

Tuanze na bonde lenyewe. Maji ya Kilimanjaro na Meru yanashuka kwa mito ya Kikuletwa na Ruvu, yanakutana pale lilipo leo bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto unaitwa Pangani. Unateremka kusini mashariki, milima ya Upare na Usambara ikiwa upande wake wa kushoto, unapokea maji ya Mkomazi na Lwengera karibu na Korogwe, unapita Hale, na kuingia baharini kwenye mji wa Pangani.

Kabla ya reli, bonde hili lilikuwa barabara ya misafara. Pembe za ndovu zilishuka kwenda pwani, vitambaa, shanga na bunduki zilipanda kwenda bara. Vyote vilibebwa kichwani na begani. Mpagazi mmoja alibeba takriban kilo 30, kwa hiyo tani moja ilihitaji watu zaidi ya 30, na watu hao walikula kila siku njiani. Ndiyo maana hakuna aliyehangaika kupeleka mahindi pwani kwa msafara. Mahindi yangeliwa na wapagazi kabla hayajafika. Bidhaa nyepesi na ya bei kubwa tu ndiyo iliyolipa.

Watawala wa zamani walilijua bonde hili kuwa na fedha. Katika ufalme wa Wasambaa, makao makuu yalikuwa Vugha, juu milimani. Lakini Semboja, mtoto wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, alichagua kukaa Mazinde, chini bondeni, misafara ilipopita. Akiwa hapo alipata ushuru, bidhaa na bunduki, na nguvu zake zikawashinda ndugu waliobaki mlimani. Kumbuka jina la Mazinde, maana reli nayo inapita hapo hapo. Aliyekaa njiani pa mzigo alipata sauti, hata kabla ya chuma cha kwanza kulazwa.

Kwa nini reli hupenda bonde

Treni ina nguvu ya ajabu kwenye tambarare, lakini mlima unaishinda. Gurudumu la chuma juu ya chuma linateleza kwa urahisi. Ndiyo sababu kichwa kimoja kinaweza kuvuta mabehewa mengi kwa mafuta kidogo, na ndiyo sababu hiyo hiyo mwinuko mdogo tu unakipunguzia nguvu. Lori linaweza kupanda kona za kutoka Mombo hadi Lushoto. Treni ya mizigo haiwezi.

Mto tayari umeshaifanya kazi ya mpimaji. Kwa maelfu ya miaka umetafuta njia yenye mteremko wa taratibu. Moshi iko zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Tanga ni kilomita 352 kwa reli. Ukigawanya, ni kupanda kama mita mbili kwa kila kilomita. Kwa treni huo ni mteremko wa kupendeza.

Usidhani lakini kwamba reli inaenda ikigusa mto muda wote. Kutoka Tanga hadi Korogwe inapita Pongwe, Muheza na Mnyusi. Kutoka Korogwe inashika bonde la Mkomazi kupitia Mombo, kisha inapita chini ya milima ya Upare: Buiko, Hedaru, Makanya, Same, Lembeni, hadi Kahe na Moshi. Inakaa ukingoni mwa bonde, chini ya mlima, ambako ardhi ni ngumu kuliko kwenye madimbwi. Faida yake ni hiyo. Hasara yake ni kwamba kila korongo linaloshuka kutoka mlimani lazima livuke chini ya reli, kwa daraja au kalavati. Jambo hili tutalirudia.

Somo la kwanza: Muheza, 1896

Wajerumani walianza kujenga Tanga mwaka 1893. Hii ndiyo reli ya kwanza kabisa katika nchi inayoitwa leo Tanzania bara. Kazi ilifanywa na kampuni binafsi, na tegemeo lake lilikuwa kahawa. Walowezi walikuwa wamefyeka misitu ya Usambara Mashariki kupanda mibuni, wakaamini kwamba msitu mnene ni dalili ya udongo tajiri.

Mkulima yeyote aliyewahi kufyeka msitu wa mvua nyingi anajua walichokosea. Rutuba ya msitu ule iko kwenye majani yanayooza juu, si ndani ya udongo. Ukishaondoa miti, mvua inaondoa kilichobaki. Mibuni ile haikuwapa walichotarajia.

Reli ilifika Muheza mwaka 1896, kilomita 40 tu kutoka Tanga, na hapo fedha zikaisha. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni iliinunua ili isife. Ujenzi uliendelea polepole: Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909, na Moshi mwaka 1911. Miaka 18 kwa kilomita 352. Linganisha na Waingereza, ambao reli yao ilianza Mombasa mwaka 1896 na mwaka 1901 ikawa imefika Kisumu, umbali wa zaidi ya kilomita 900.

Reli ya Muheza ilikuwa na vyuma, injini na stesheni. Ilikosa kitu cha kubeba. Miaka ile mitatu ya kukwama ni ya kukumbukwa na kila kijiji kinachofikiri kwamba miundombinu ikija tu, biashara itakuja yenyewe.

Mkonge waja, reli yapata mzigo

Mwaka huo huo wa 1893, mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na mji wa Pangani. Kutoka miche hiyo 62 ndiko kulikotoka mashamba makubwa ya Tanga na kwingineko nchini.

Mkonge uliifaa reli kwa kila namna. Unavumilia ukame wa bondeni. Unavunwa mwaka mzima, kwa hiyo treni haisubiri msimu. Singa zake zikishakaushwa na kufungwa marobota hazioji, zinaweza kusubiri behewa. Na zina uzito. Ndiyo maana ukipita leo kutoka Muheza hadi Same unaona mashamba yamejipanga kando ya njia. Mengi yalikuwa na vireli vidogo vya ndani vya kubeba majani kutoka shambani hadi kwenye korona, na marobota yakaishia kwenye reli kubwa.

Kwa hiyo zao moja liliibeba reli, na reli ikalibeba zao hilo hadi bandari ya Tanga. Mji wa Pangani, uliokuwa mwisho wa njia ya misafara, ukabaki na mto wake bila mzigo. Mzigo ulikuwa umehamia Tanga.

Nani alilipa?

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Reli haikujengwa kwa ajili ya babu zetu. Ardhi nzuri ya kando ya njia ilichukuliwa na walowezi na makampuni. Wazigua, Wabondei, Wasambaa na Wapare walisogezwa pembeni au wakageuzwa vibarua kwenye ardhi iliyokuwa yao.

Vibarua walipokosekana, serikali ya Kijerumani ilitumia nguvu. Kuanzia mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, kila mwanamume alipewa kadi na kutakiwa amfanyie kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne. Asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Hesabu mwenyewe: siku 30 zikiangukia wakati wa palizi, shamba lake nyumbani lilikuwaje?

Baadaye, chini ya Waingereza, mashamba ya mkonge yalivuta watu kutoka mbali, Ubena, Unyakyusa, Uha na hata nje ya mipaka. Waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Wajukuu wao wengi ni majirani zetu leo katika vijiji vya Muheza na Korogwe.

Wakulima wadogo walipata nini? Walipata soko la chakula. Kambi za mkonge zilikuwa na midomo mingi isiyolima, na watu wa milimani na bondeni waliziuzia mahindi, maharage, ndizi na mihogo. Lakini waliuza kwa debe na kwa kikapu, mlangoni mwa kambi. Behewa halikuwa lao. Reli ilipita mbele ya mashamba yao, ikasimama kwenye stesheni zao, na bado haikuwa chombo chao cha biashara, kwa sababu hakuna mmoja wao aliyekuwa na mzigo wa kujaza behewa.

Wakulima wadogo waliosikilizwa

Kuna mahali kwenye njia hii hii wakulima wadogo walifanya tofauti, nako ni Kilimanjaro.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyobadilisha hali. Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi, Kenya, kuelekea Taveta. Machi 1916 Wajerumani walirudi nyuma wakashuka na bonde, wakavunja madaraja nyuma yao, likiwemo daraja la reli karibu na Kahe. Mwaka huo huo reli ya kutoka Voi ikaunganishwa na ya Tanga hapo Kahe. Upana wa njia ulikuwa sawa, mita moja kati ya chuma na chuma, kwa hiyo mabehewa yaliweza kupita moja kwa moja. Arusha ilifikiwa na reli mwaka 1929.

Kwa hiyo Moshi ilipata milango miwili ya bahari: Tanga na Mombasa. Wachaga walikuwa wanalima kahawa kwenye vihamba vidogo, wengine wakiwa na mibuni michache tu nyuma ya nyumba. Mmoja mmoja wasingefika popote. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha KNCU. Kahawa ya mwenye mibuni 50 na ya mwenye mibuni 500 ilikusanywa, ikapimwa, ikatengwa kwa daraja, ikasafirishwa kama mzigo mmoja.

Angalia tofauti. Reli ni ile ile na watu ni wakulima wadogo vile vile. Lakini aliyekuja stesheni na shehena, tena akiwa na bandari mbili za kuchagua, alizungumza na shirika la reli kama mteja. Aliyekuja na kikapu alizungumza na mpishi wa kambi.

Reli ilivyolala

Baada ya Vita Kuu ya Pili reli za Tanganyika, Kenya na Uganda ziliunganishwa mwaka 1948 chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Mwaka 1963 ikafunguliwa njia ya kuunganisha Mnyusi na Ruvu kwenye Reli ya Kati. Kabla ya hapo, behewa la Tanga halikuweza kwenda Dar es Salaam kwa reli ndani ya nchi. Mkonge nao ulifika kilele mwaka 1964, karibu tani 230,000 kwa nchi nzima. Ungesema reli hii haitalala kamwe.

Kisha yakaja mambo matatu. La kwanza, nyuzi za plastiki zilishika soko la kamba duniani na bei ya mkonge ikaanguka. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, uzalishaji ukashuka mwaka hadi mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa inatoa karibu tani 20,000 tu. La pili, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka na Kenya ukafungwa, na mlango wa Voi ukafungwa nao. La tatu, barabara ya lami iliimarika sambamba na reli. Lori lilikuja hadi kijijini, likachukua magunia kumi likaondoka, halikuuliza habari ya behewa.

Mzigo ukapungua, fedha za matengenezo zikapungua, treni zikaanza kuchelewa. Treni zilipochelewa, wenye mzigo uliobaki nao wakahamia kwenye malori. Treni za abiria zilikoma kwanza, za mizigo zikafuata. Majani yakafunika mataruma. Watu wakalima mahindi hadi kwenye tuta, wengine wakapanda migomba na kujenga vibanda na nyumba.

Huwezi kusema ni mkonge peke yake ulioiua, wala ni lori peke yake. Lakini reli iliyoegemea zao moja ilianguka na zao hilo. Wakati huo huo mahindi, maharage, mpunga na matunda ya bonde hili yaliendelea kusafiri kila wiki kwa maelfu ya magunia. Mzigo haukukosekana bondeni. Ulikuwa umetawanyika kwenye mikono elfu, na hakuna aliyeukusanya.

Imeamka

Julai 2019 treni ya mizigo ilianza tena kati ya Tanga na Moshi, na mzigo wake ulikuwa saruji. Desemba mwaka huo treni ya abiria ikaanza kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, ikipita kwenye ile njia ya mwaka 1963, na mwaka 2020 ikafika Arusha.

Kabla ya kuamka, reli ilidai eneo lake. Nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi zilipigwa alama ya X. Waliokuwa wamepanda miti ya kudumu waliiacha. Wengine walilalamika kwamba reli ilishakufa. Kwa macho ilikuwa imekufa, lakini kwa sheria ilikuwa imelala tu, na eneo lake lilibaki kuwa lake.

Sasa turudi kwenye swali la vikao. Je, itatuacha tena? Historia inasema itakaa kama itakuwa na mzigo wa kwenda na wa kurudi. Saruji inapanda kutoka Pongwe. Jasi ya Makanya iko njiani. Lakini treni inayopanda imejaa na kushuka nusu tupu inajila yenyewe. Nafasi ile iliyo wazi wakati wa kushuka ndiyo nafasi yako wewe, ukitaka kuitumia.

Tufanye nini?

*Kwanza, heshimu hifadhi ya reli.* Kabla ya kununua kiwanja au shamba karibu na njia, nenda serikali ya kijiji na stesheni iliyo karibu, uonyeshwe mpaka, na upate jibu kwa maandishi. Usikubali maneno ya muuzaji kwamba treni hazipiti siku hizi. Mti wa kudumu usipande ndani ya hifadhi hata kama nyasi zimefunika chuma.

*Pili, kusanyeni kabla ya kuuliza bei.* Chukua mfano wa behewa la tani 40. Hayo ni magunia 400 ya kilo 100. Hakuna mkulima mdogo mwenye mzigo huo, lakini wanachama 40 wa AMCOS wenye magunia kumi kumi wanao. Mtu mmoja akienda stesheni kuuliza nauli ya magunia kumi ataambiwa atafute lori, na huyo aliyemwambia hajamkosea.

*Tatu, piga hesabu ya safari nzima.* Wengi wanalinganisha nauli ya behewa na nauli ya lori, wanaona behewa ni nafuu, wanafurahi. Lori linatoka ghalani hadi sokoni. Kwa behewa kuna kufikisha mzigo stesheni, wapakiaji, nauli yenyewe, washushaji, na gari la kutoka stesheni hadi sokoni. Jumlisha yote matano, gawanya kwa idadi ya magunia, ndipo ulinganishe. Kwa safari fupi, kama Mombo hadi Tanga, lori mara nyingi litashinda. Umbali unavyoongezeka na mzigo unavyokuwa mwingi, ndivyo behewa linavyopata nguvu.

*Nne, chagua zao linaloweza kusubiri.* Mkonge ulipendana na reli kwa sababu hauozi. Mahindi makavu, maharage, mpunga na alizeti vina tabia hiyo hiyo, mradi vimekaushwa sawasawa. Nyanya, kabichi na machungwa yaliyoiva yaache yaende na lori. Na mzigo ufungwe kwa vipimo halali. Lumbesa ikishapandishwa kwenye mizani ya stesheni inajulikana ilivyo.

*Tano, fikirini mzigo wa kurudi.* Kikundi kinachopeleka mahindi kinaweza kuagiza mbolea, saruji au mabati kwa pamoja. Mfanyabiashara wa duka la pembejeo na AMCOS ya kijiji hicho hicho wakikaa meza moja, kila mmoja anampunguzia mwenzake gharama.

*Sita, zuieni udongo huko juu.* Nilisema tutarudi kwenye makorongo. Kila shamba la mteremkoni lisilo na makinga maji linapeleka udongo chini, na udongo huo unaziba makalavati ya reli. Kalavati likiziba, maji yanapita juu ya tuta na kulikata, na treni inasimama. Kwa hiyo unapochimba fanya juu, fanya chini na kupanda majani ya tembo kwenye kontua huko Upare au Usambara, unahifadhi rutuba yako, na unalinda njia itakayobeba gunia lako. Mto ndio ulioipa reli njia, na mto huo huo unaweza kuichukua.

Ndugu zangu, reli hii ina zaidi ya miaka 120. Imetumikia walowezi, majeshi, makampuni ya mkonge, ushirika wa kahawa na sasa wenye saruji. Kila mmoja alipewa nafasi kwa sababu alikuja na mzigo uliokusanywa. Haijawahi kumsubiri mwenye gunia moja, na haitaanza leo.

Mkutano ujao wa kikundi chenu, kabla hamjafunga kikao, orodhesheni kwenye daftari kila mwanachama anatarajia kuvuna magunia mangapi ya zao gani, na yatakuwa tayari mwezi gani. Jumlisheni. Namba itakayotoka chini ya ukurasa ndiyo mtakayokwenda nayo stesheni.

Kazi njema, na mvua iwe ya heri.